Nilichopiga Ujiji na Alichokitafuta Mama



Mwezi uliopita baadhi yenu mlituona mimi na mama tukipanda gari asubuhi na mapema na bahasha ya kibali mkononi. Tulikuwa tunakwenda Kigoma, mama atolewe mtoto wa jicho. Tangu turudi mmeniuliza habari za safari ile na habari za foto nilizokuja nazo. Nimeona niandike hapa, ili nisirudie hadithi kila bomba la maji ninapopita.

Si unajua, kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 sisi hatutoki kambini bila kibali. Kwa hiyo mtu akikipata, kila jamaa anamtuma kitu. Mmoja anataka betri ya redio, mwingine mbegu za mchicha, mwingine anataka ukamsalimie shemeji yake Mwanga. Mimi niliazimwa kamera ndogo ya dijitali na jirani yangu ambaye hupiga picha za harusi. Akaniambia, "Ukaijaribu mjini, ila usiilete na maji ndani."

Nilipomwambia mama kwamba nitapiga picha za ziwa wakati wa machweo, alitikisa kichwa.

"Mwanangu, machweo wanapiga watalii. Mimi nitafutie njia."

"Njia gani, mama?"

"Ile tuliyopanda siku tulipofika. Tulitoka majini, tukaruka mtaro, tukaingia kwenye barabara yenye miembe, tukafika kwenye baraza la yule mama aliyetupa uji. Nataka kuiona kabla sijafa."

Niliielewa haja yake. Vita ilipofika Uvira mwezi wa kumi mwaka 1996, nilikuwa na miaka sita. Tulitembea hadi Baraka, tukavuka kwa mashua ya wavuvi usiku, tukashushwa Ujiji kabla jua halijatoka. Mama alikuwa amembeba mdogo wangu mgongoni, ana homa. Kwenye baraza lile mdogo wangu alikunywa uji wa muhogo mpaka akalamba kikombe. Baada ya hapo hakula tena kwa hamu, na mwezi haukuisha akafariki. Hatuna picha yake hata moja. Kwa hiyo mama alitaka baraza.

Asubuhi mwaloni

Mama alipolazwa, dada yangu alibaki naye. Mimi nilipanda daladala kutoka Kigoma mjini. Gari linaacha stesheni ya reli na kupanda Barabara ya Lumumba. Nilifurahi kumwona mtu wetu amepewa barabara ugenini. Kisha unapita Mwanga, soko na kelele zake zote, ndipo unateremka kwenda Ujiji. Zamani hii ilikuwa miji miwili. Siku hizi ni manispaa moja, Kigoma-Ujiji, na Ujiji ni kama mtaa wake wa pembeni wenye mwendo wake wa polepole.

Mwaloni nilifika watu wakiwa kazini tayari. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa inarudi. Wavuvi huenda usiku na taa, mwanga unavuta dagaa juu, wanawazungushia wavu. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, basi wanapumzika na kushona nyavu. Siku niliyofika mwezi ulikuwa mchanga, kwa hiyo mabeseni yalijaa. Kina mama walimwaga dagaa mchangani na juu ya vichanja, wakawatawanya kwa mikono kama mtu anayetandika shuka. Pembeni vijana walipakia magunia na madumu kwenye boti kubwa ya kwenda upande wetu, Kongo.

Nikatoa kamera. Sikumaliza picha ya tatu, kijana mmoja akanishika bega.

"Kaka, wewe nani? Nani kakuruhusu?"

Nilimwonyesha kibali changu. Alikisoma chote, mpaka nyuma. Akanipeleka kwa mwenyekiti wa mwalo, mzee mwenye kofia ya kushona kwa mkono. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba, akanisikiliza, halafu akasema kwa upole, "Ulipaswa kuanza kwangu, si kuanza na kamera." Hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyeingia nyumbani kwa watu bila hodi. Baada ya hapo alinipa yule yule kijana anitembeze.

Upande mmoja wa mwalo mafundi wanaunda boti za mbao. Fundi mmoja alikuwa akitia kalafati, yaani anasukuma pamba yenye mafuta kwenye mianya ya mbao ili maji yasiingie. Nilipoinua kamera akaacha kazi. "Sura yangu hapana," alisema. "Mnakuja, mnapiga, hamrudi." Nikamwambia mimi ni mkimbizi, nimekuja na mama mgonjwa, na boti kama hiyo ndiyo iliyotuvusha. Alinyamaza kidogo, akasema, "Piga mikono." Nikapiga mikono. Mpaka sasa naiona hiyo kuwa nzuri kuliko kama ingekuwa na sura.

Barabara za miembe

Kutoka mwaloni nilipanda mjini. Ujiji una barabara za udongo zenye miembe mikubwa pande mbili, na nyumba za mabaraza marefu mbele. Mji huu ulikuwa kituo cha misafara iliyokwenda pwani na pembe za ndovu na watumwa, wengi wao waliotolewa kwetu, Maniema na kwingineko. Hadi leo Ujiji utasikia watu wakijiita Wamanyema. Burton na Speke, Wazungu waliokuwa wanatafuta chanzo cha mto Nile, walifika hapa mwaka 1858. Mwaka 1871 Stanley alimkuta hapa Livingstone. Pale walipokutana pana mnara na makumbusho ndogo, na miembe ambayo wenyeji husema ni uzao wa mwembe uliowapa kivuli.

Mnara niliupiga picha moja tu, maana si ndio nilioufuata. Nilipiga baiskeli yenye madumu ya mawese matatu. Nilipiga fundi cherehani barazani na watoto wa madrasa wakikimbia na kanzu mkononi. Mama mmoja alikuwa anasukuma takataka kwenye mtaro kwa jembe ili maji ya mvua yapite, naye nikampiga. Kwenye mtaro ule ule, chini kidogo, bata walikuwa wanaoga. Hayo ndiyo mambo ambayo hakuna mtu anayeyauza kwenye kadi, lakini ndiyo mji wenyewe.

Kwa jua nilifuata mafundisho ya jirani yangu wa harusi: jua liwe mgongoni kwako, usilielekeze kamera. Sisi watu wa Uvira na Baraka tumezoea jua kuchomoza ziwani. Ujiji ni kinyume, liko upande wa pili wa maji, jua linatoka nchi kavu na kuzama ziwani. Kwa hiyo asubuhi, ukiweka jua mgongoni, unatazama ziwa. Picha zangu zote za asubuhi zilitoka safi, rangi zimekolea, boti zinang'aa. Nilijiona fundi, bwana.

Picha moja tu iliharibika. Ilikuwa asubuhi ya pili, mapema sana. Nilikuwa nimesimama karibu na maji, nikageuka kumwitikia yule kijana, kidole kikabonyeza. Jua lilikuwa linachungulia kati ya miti. Miembe ikatoka myeusi kama masizi, njia katikati yake nyeupe, nyumba za kando hata huzioni vizuri. Nilitaka kuifuta. Simu ya dada ikaniita kuhusu mama, nikasahau.

Ziwa nalo linahama

Kuna jambo lilinipa shida katika kutafuta njia ya mama. Nilimuuliza yule mwenyekiti, boti za mwaka 1996 zilitia nanga wapi? Akacheka. "Kijana, hata ziwa halikai mahali pamoja."

Kumbe ni kweli. Ule mnara wa Livingstone leo uko mbali na maji, mamia ya mita, wakati zamani palikuwa karibu na ufuo. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga pale Kalemie, unaopeleka maji Lualaba. Miaka ya 1870 mlango ule ulikuwa umezibwa na mchanga na majani, ziwa likajaa. Mwaka 1878 hivi maji yakaufungua kwa nguvu, na katika miaka kama kumi na tano ziwa likashuka karibu mita 10. Ufuo ukasogea, watu wakajenga palipokuwa maji.

Halafu kuna miaka linapopanda tena. Mwaka 1964 lilipanda sana. Kuanzia mwaka 2020 hadi 2021, na tena mwaka 2024, maji yaliingia kwenye nyumba za watu kandokando ya ziwa. Wenye jamaa Gatumba na Uvira hamhitaji kuhadithiwa. Uvira ndiko mto Mulongwe nao ulifurika mwezi wa nne mwaka 2020, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi.

Kwa hiyo mtaro tulioruka mwaka 1996 labda umezibwa, au uko chini ya maji, au umechimbwa upya mahali pengine. Nilitembea siku mbili nikihesabu barabara zinazopanda kutoka ziwani zenye miembe. Ziko nyingi. Kila moja nilisema ni hii, na ya pili yake nikasema hapana, ni hii.

Picha kumi na mbili

Kamera ilikuwa na picha 146. Mfukoni nilikuwa na pesa ya kusafisha picha 12 tu. Nilikaa kwenye benchi la studio Mwanga nikichagua, na wateja wengine wananisubiri. Hapo nilijifunza jambo: kupiga ni rahisi, kuchagua ndiyo kazi.

Nilitoa zote zilizofanana. Nilitoa machweo, ingawa nilipenda. Nikabaki na mikono ya fundi, dagaa vichanjani, mama wa mtaro, baiskeli ya mawese, barabara tano tofauti, boti ya kwenda Kongo na mnara. Ni 11. Kijana wa studio akaniuliza ya kumi na mbili. Nikamwambia weka ile iliyoharibika, nimwonyeshe mama jinsi mtoto wake anavyokosea. Ilikuwa ni utani.

Mama anatazama

Bandeji ilitolewa siku iliyofuata. Daktari alimwonyesha vidole, akavihesabu. Tulimpeleka nje kwenye kivuli, akakaa, akatazama mikono yake mwenyewe kwa muda mrefu. Akasema, "Nimezeeka hivi na hamkuniambia."

Nilimpa picha moja moja. Alizisifu kama mama anavyosifu chakula cha mtoto. Dagaa hao wanono. Huyu mama wa mtaro ni mchapakazi. Barabara ya kwanza, hapana. Ya pili, hapana. Zote tano, hapana. Moyo wangu ulishuka. Nilimweleza habari za ziwa kuhama, kwamba pengine pale hapapo tena. Alisikiliza tu.

Kisha akafika ile ya mwisho, nyeusi. Nikaanza kucheka nieleze kosa langu. Yeye hakucheka. Aliisogeza karibu na jicho lililopona, akaiweka mbali, akairudisha.

"Ndiyo hii."

"Mama, hiyo imeharibika. Nyumba hazionekani."

"Nani alikwambia tuliona nyumba? Ilikuwa alfajiri. Tuliliacha ziwa mgongoni, jua likatutokea usoni, miti yote ilikuwa myeusi hivi hivi. Hizo nyingine zako zote zinatazama ziwa. Mimi ziwa sikuligeukia. Niliogopa kuligeukia."

Kidole chake kikaenda pembeni kushoto, kwenye giza chini ya mwembe wa tatu. "Baraza lilikuwa hapa. Hapa alikunywa uji."

Ndugu msomaji, mimi sijui kama ni njia ile. Kwenye giza lile mimi sioni baraza. Ila nilielewa kosa langu la siku mbili. Nilikuwa nimesimama vizuri kwa ajili ya kamera, nikawa nimesimama vibaya kwa ajili ya mama. Aliyetoka majini na mtoto mgongoni hakuitazama Ujiji kama mimi nilivyoitazama. Sikumbishia. Picha hiyo sasa iko kwenye nailoni ndani ya Biblia yake, na nyuma nimeandika kwa kalamu: Ujiji, njia ya kutoka ziwani. Tulipita mwaka 1996 tukiwa wanne.

Na barabara zetu je?

Nimerudi nikiwa na swali moja. Sisi tuna picha ngapi za hapa tunapoishi?

Tuna picha za harusi, za ubatizo na Idi, za kitambulisho. Tunasimama mbele ya pazia lenye maua. Ni nzuri, tusiziache. Lakini nani ana picha ya foleni ya maji saa kumi na moja asubuhi? Nani ana picha ya mtaro ule unaotutenganisha na jirani, ambao kila masika unakula hatua moja ya uwanja? Picha ya njia ya shule, ya kinyozi chini ya mti?

Msiseme haya hayana thamani. Waliokulia Lugufu watawaambia. Kambi ile ilifungwa mwaka 2009. Mtabila ilifungwa mwisho wa mwaka 2012, Mtendeli mwaka 2021. Kuna vijana waliozaliwa na kusoma huko, leo wakiulizwa na watoto wao, "Baba, ulikulia wapi?" hawana kitu cha kuonyesha. Mahali petu panaweza kufungwa, sisi tunaweza kurudi nyumbani au kupelekwa nchi nyingine, na nyasi ziote kwenye barabara tulizozifagia wenyewe.

Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua studio yake, Capital Art Studio, mwaka 1930. Alipiga picha za wakubwa, alipiga pia mitaa na watu wa kawaida. Leo picha zile za mitaa ndizo zinazowaonyesha watu mji ulivyokuwa. Sisi hatuhitaji studio. Simu yenye kamera, hata ya kuazima, inatosha.

Ukitaka kuanza

Anza na hodi. Mweleze kiongozi wa zoni au wa kijiji chako unachotaka kufanya. Mtu akikataa sura yake, heshimu. Wengine wana sababu ya kujificha ambayo hawawezi kukuambia, na picha yao ikisambaa inaweza kuwaletea hatari.

Usipige polisi, askari, ofisi, geti wala mahali penye kibao cha kukataza. Nje ya kambi usipige bandari, stesheni wala kambi ya jeshi. Usipige watu wanaooga ziwani au mtoni. Mtoto wa mwenzako, muulize mzazi kwanza.

Kwa rangi safi, weka jua mgongoni, asubuhi au alasiri. Saa sita mchana nyuso zinaingia giza. Lakini mahali unapotaka kukumbuka, simama pale uliposimama kweli na tazama ulikotazama. Kama jua lilikuwa usoni, liache usoni.

Piga picha tatu za kitu kimoja: ya mbali, ya karibu, na ya mikono inayofanya kazi.

Safisha chache. Andika nyuma jina la mahali, tarehe, na nani alikuwepo. Kwenye memori kadi picha zinapotea kwa siku moja, kwenye karatasi yenye maandishi zinakaa. Zifunge ndani ya nailoni kwa ajili ya mvua na mchwa. Nyingine mpe jamaa wa nyumba ya mbali, moto ukitokea zisiungue zote.

Zoezi la familia mwezi huu

Jioni moja, baada ya chakula, kaeni pamoja na wazee na watoto. Mwombe mzee mmoja aeleze njia aliyopita siku ya kwanza kufika hapa: alitoka wapi, jua lilikuwa upande gani, nani alimpa maji au chakula. Watoto wachore njia hiyo mchangani. Kesho yake nendeni mkaipige picha, au mkaitembee tu kama hamna simu.

Nasi kwetu mama ameniagiza tena. Kibali kingine kikipatikana nirudi Ujiji na ile picha, nikamtafute mwenye baraza la mwembe wa tatu. Kama yuko hai, nimwambie mtoto yule hakupona, lakini uji alimaliza.